Kila Mtoto Alichora Ndege

Kila Jumamosi asubuhi, kabla Mama Kahambu hajatoka kwenda soko la Nakivubo kutembeza vitenge, binti zake wawili walimsaidia kuvikunja. Kahambu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alishika pindo moja, mdogo wake Annick akashika la pili, wakasogea hadi wakakutana katikati ya chumba. Huku mikono ikikunja, midomo nayo ilikuwa na kazi yake. Mama aliuliza maswali, wao wakajibu.

Maswali hayo hayakubadilika hata siku moja. Mlitoka wapi? Beni. Kwa nini mliondoka? Kwa sababu ya vita. Mnataka nini? Kwenda mahali penye usalama. Na hapa Kampala? Hapa tunangojea. Familia yao ilikuwa imeomba kupelekwa Kanada, na faili la maombi hayo, ambalo Wakongo wa mtaa wao wa Nateete huliita dosie, lilikuwa katika ofisi fulani mjini likisubiri zamu yake. Ilisemekana kwamba siku ya usaili kila mtu huulizwa peke yake, na majibu yakipishana, dosie inafungwa. Ndiyo maana Mama aliwazoeza binti zake mapema, kama watoto wengine wanavyozoezwa sala.

Annick alikuwa na miaka minane na kichwa cha kusahau. Siku hiyo alipoulizwa juu ya Kampala, alijibu kwamba hapa kuna rafiki yake Concy na chapati za moto. Mama alicheka kidogo, kisha akamrudisha kwenye mstari.

"Hapa tunangojea," Annick akasema kwa shingo upande.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku ambalo halikufunguliwa ovyo. Ndani yake, zikiwa zimeviringishwa katika taulo, zilikuwamo sahani nyeupe zenye maua ya buluu ukingoni. Mama alizinunua siku ile ile dosie ilipopokelewa, kwa ajili ya nyumba ya Kanada. Wao walikula katika mabakuli ya plastiki, moja likiwa na ufa, na Annick alipoomba wale katika zile sahani walau Krismasi, jibu lilikuwa moja tu, kwamba hizo ni za kule.

Meza nayo haikununuliwa, maana nani ananunua meza ilhali anaondoka? Kahambu alifanyia kazi za shule kizingitini, daftari gotini, akijikunja kila jirani alipopita na beseni la maji. Alitamani mahali pa kusomea kuliko alivyotamani viatu vipya. Hakumwambia mtu, kwa sababu kutamani kitu cha hapa kulimfanya ajione msaliti wa safari.

Mama alipotoka, dada hao wawili walikwenda kwenye kiwanja cha kanisa, palipokuwa na masomo ya Jumamosi kwa watoto wa mtaa, Wakongo na wenyeji pamoja. Siku hiyo walimkuta mgeni. Papa Hippolyte, mwenyekiti wa kamati ya kiwanja, alimtambulisha kuwa ni Mwalimu Nabangala kutoka Bungoma, Kenya, anayefundisha watu namna ya kuufikiria mustakabali. Kisha akaeleza lililomleta. Chumba cha nyuma cha kanisa, kilichojaa mabenchi mabovu, kilikuwa kimepata mpangaji, mfanyabiashara aliyetaka kukifanya ghala la magodoro. Kamati ingeamua Jumapili baada ya ibada, lakini ilitaka kwanza kusikia watoto wanakionaje chumba hicho siku za mbele.

Kahambu aliposikia habari za chumba, moyo ulimruka. Papo hapo akaukalisha chini.

Lazima niseme hapa kwamba Kahambu alikuwa na jicho la kushuku. Ukimpa pipi, anauliza imetoka wapi kabla hajaifungua. Mtoto aliyewahi kuamshwa gizani na kuambiwa avae viatu asiulize kitu, huwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini hata chumvi ikizidi huharibu mchuzi, na siku hiyo Kahambu alimwaga kopo zima.

Mwalimu Nabangala alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Shingoni alining'iniza kitambulisho ambacho kila mara kiligeuka kikaonyesha mgongo mweupe usio na maandishi.

"Watu husema mustakabali kana kwamba ni mmoja," alianza. "Mimi naona mingi. Kuna ule unaokuja wenyewe tukikunja mikono. Kuna ule tunaouogopa. Na kuna ule tunaoutaka, ambao lazima mtu auone kwanza kichwani ndipo aanze kuujenga. Leo tutautafuta huo wa mwisho. Fumbeni macho. Miaka kumi imepita, ni asubuhi, umeamka. Uko wapi? Dirishani unaona nini? Na kile chumba cha nyuma kina nini ndani yake?"

Watoto walifumba macho. Kahambu alifumba moja.

Kwa lile lililobaki wazi alimwona mwalimu akipita kati ya mabenchi, akiandika vitu katika simu yake. Anaandika nini, na hakuna aliyejibu bado? Mbona hakuuliza jina la mtu hata mmoja, kama vile anayajua tayari? Mbona kitambulisho kinageuka? Na lile swali la uko wapi, si ni ndugu ya yale maswali ya Mama? Kadiri alivyofikiri ndivyo mambo yalivyozidi kushikamana. Huyu alikuwa mtu wa ofisi ya dosie, na chumba cha nyuma kilikuwa chambo. Mtoto akisema miaka kumi ijayo yuko Nateete, wataandika kwamba familia yake imeshatulia, haina haja ya kwenda popote. Akisema yuko Beni, wataandika kwamba Kongo ni salama.

Wakati wa mapumziko alimvuta Heritier, jirani yao, nyuma ya tangi la maji, akamweleza. Heritier alikuwa hodari wa kupiga chuku tangu zamani, na hakumwangusha. Alisema kuna mtu wa mtaa wa pili aliyemwambia mgeni kwamba anafungua saluni hapa hapa, na tangu siku hiyo simu ya ofisi haijalia kwake tena. Nani aliyemwona mtu huyo? Hakuna aliyeuliza. Habari ilipita kutoka sikio hadi sikio, na agizo la Kahambu likaifuata nyuma, kwamba kila mtu achore ndege ya kusafiria, asichore kitu kingine.

Okwir, mwana wa fundi baiskeli, alikataa mwanzoni. Wao hawakuwa wakimbizi wala hawakuomba kwenda popote.

"Sasa mimi naenda wapi na ndege?" aliuliza. "Nyumba yetu iko hapa tu."

"Chora hivyo hivyo," Kahambu akamsihi. "Wewe ukichora kingine, sisi tutaonekana waongo."

Okwir alikuwa rafiki mwema. Alichora ndege, ila akaiwekea magurudumu ya bodaboda ili isimwangushe.

Waliporudi mabenchini na kupewa karatasi na kalamu za rangi, Kahambu alichora yake haraka, kisha akachungulia ya mdogo wake. Annick alikuwa ameinama, ulimi nje, akichora dirisha. Kulikuwa na meza pia, na watu. Agizo lilikuwa limempita kabisa, au alilisahau kama alivyosahau mengine.

Kahambu alimnong'oneza aache. Annick akatikisa kichwa na kuendelea. Hapo Kahambu aliona dosie yao yote, na Kanada, na miaka yote ya Mama, vikining'inia kwenye ncha ya ile kalamu ya kijani. Aliinyakua karatasi, akaifinyanga, akaitia mfukoni, na badala yake akamchorea mdogo wake ndege ya chapuchapu. Annick hakupiga kelele. Alikaa tu akiitazama ndege isiyo yake, na machozi yakadondokea bawa.

Mwalimu Nabangala alizikusanya karatasi, akazipitia moja moja, mwanzo akitabasamu, kisha taratibu tabasamu likaisha. Aliuliza kama kuna mtu angependa kueleza picha yake. Mwishowe Kahambu akasimama, mikono mgongoni.

"Tunataka kwenda mahali penye usalama," alisema. "Hapa tunangojea."

Mwalimu alimshukuru tu. Ni Papa Hippolyte aliyeongeza neno. Alisema, bila hasira, kwamba basi mambo yamekuwa rahisi. Kama watoto wote wanaondoka, hakuna haja ya kuwawekea chumba, na kesho kamati itampa jibu mwenye magodoro.

Kahambu alikaa. Alikuwa amewashinda watu wa ofisi, na chumba alikuwa amekipoteza.

Njiani kurudi nyumbani Annick alitembea mbele peke yake, na hiyo si kawaida yake. Walipofika, aliingia kulala bila kugusa chai. Kahambu alikaa kizingitini mahali pake, akaitoa ile karatasi mfukoni na kuinyoosha gotini.

Kilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, hakikuwa na benchi bovu hata moja. Kulikuwa na dirisha kubwa, rafu na vitabu vya kila rangi. Mezani aliketi msichana mkubwa akiwasomea watoto, na juu ya kichwa chake yaliandikwa maneno DADA KAHAMBU, herufi zikipanda mlima. Watoto walikuwa wanakula. Walikula katika sahani nyeupe zenye maua ya buluu.

Aliitazama hadi macho yakamchoma. Alichokuwa amekifinyanga mfukoni ni kile kile alichokitamani yeye na kukiogopa kukisema. Mdogo wake alikisema kwa niaba yake, na yeye akamlipa kwa kumnyang'anya. Kahambu aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni.

Mama aliporudi jioni na mzigo wake wa vitenge, Kahambu alimsimulia yote. Katikati ya masimulizi bado alitarajia kidogo kusifiwa, na mwanzoni kweli Mama aliacha kuvua viatu, akakaza uso.

"Alisema anatoka kwa ofisi ya dosie?"

"Hapana, Mama."

"Aliuliza mambo ya vita? Ya Beni?"

"Hapana. Hakuuliza hata majina."

"Na weye ulimuuliza yeye ni nani?"

Katika yote aliyoyafanya Kahambu siku ile, mbio zote na minong'ono yote nyuma ya tangi, hilo moja halikumjia. Alimpa Mama ile karatasi iliyokunjamana. Mama aliisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama. Kisha akamwita Annick, ambaye usingizi wake ulikuwa wa kujisingizia.

"Hizi sahani si ni za kule?" Mama aliuliza.

"Nilisahau," Annick akajibu. "Nilizichora hapa."

Mama aliketi kitandani, lile sanduku likiwa chini yake, akavua kiatu cha pili polepole. Baadaye alisema tu kwamba kesho, baada ya ibada, watakwenda wote watatu kumwona huyo mwalimu.

Jumapili ibada ilipokwisha, mfanyabiashara wa magodoro, Abudu, alikuwa tayari ameshika utepe wake, akipima upana wa mlango wa chumba cha nyuma. Kamati ilikuwa imeketi kivulini kwenye ukuta, na Mwalimu Nabangala pembeni yao, zile ndege zote zikiwa mapajani mwake. Mama hakumsukuma Kahambu wala hakumsemea, alibaki nyuma akimshika Annick mkono. Kahambu akapiga moyo konde.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba kukuuliza. Wewe unatoka ofisi ya dosie?"

Mwalimu Nabangala alishangaa, kisha uso wake ukafunguka, kama mtu aliyepata kipande kilichokuwa kinakosekana. Alikishika kitambulisho chake na kukigeuza upande wenye picha. Kilikuwa cha chuo anachosoma. Alisema hana uhusiano wowote na ofisi hiyo, na kwamba katika simu alikuwa akiandika maswali ya kuuliza baadaye, asije akayasahau.

"Majina sikuuliza kwa makusudi," alisema. "Nilifikiri watu wa hapa wameulizwa vya kutosha. Kumbe kwa kutouliza ndiyo nimekutia hofu. Ningejieleza tangu mwanzo, na hilo ni kosa langu."

"Langu ni kubwa zaidi," Kahambu akasema. Akaeleza mbele ya kamati nzima jinsi alivyowaamuru wenzake wachore ndege, na jinsi alivyomnyang'anya mdogo wake picha yake. Aliposema hilo la pili sauti ilimkatika, akalazimika kuanza upya. Kisha akaiweka ile karatasi iliyonyooshwa juu ya ndege zote.

Papa Hippolyte aliivaa miwani yake, akaitazama picha, akaipitisha kwa wenzake. Okwir, aliyekuwa anachungulia kutoka getini na wenzake kadhaa, alisema kwa sauti kwamba hata yeye anataka rafu ile, na kwamba baba yake ana mbao. Heritier alikumbuka ghafla kwamba habari ya mtu wa saluni aliisikia kwa mtu ambaye naye alisikia kwa mtu. Abudu alisimama na utepe wake umelegea, akasema anasubiri, lakini magodoro hayalali nje.

"Picha ni nzuri," Papa Hippolyte alisema. "Lakini picha hailipi kodi ya chumba. Abudu anakuja na godoro kesho. Ninyi mnakuja na nini?"

Swali lilikuwa la haki. Mwalimu Nabangala akawaita watoto wasogee, akawafundisha kile ambacho jana hakupata nafasi ya kukifundisha. Aliwaambia waanze mwisho warudi nyuma. Waishike picha ya Annick kama kitu kilichokwisha kuwapo, kisha wajiulize, ili kiwepo, mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na nini? Vitabu, wakajibu, na mtu wa kuvitunza. Na kabla ya vitabu? Rafu. Kabla ya rafu? Dirisha, kwa sababu mle ndani ni giza. Wakarudi hivyo, hatua kwa hatua, wakibishana na kusahihishana, mpaka wakafika kwenye wiki inayoanza.

"Kwa hiyo kesho Jumatatu?" mwalimu aliuliza.

Kahambu alikitazama chumba kupitia mlango ambao Abudu alikuwa ameuacha wazi. Kwa mara ya kwanza alikitazama bila kukishuku.

"Kesho tukitoka shule tunatoa mabenchi mabovu," alisema. "Kazi hiyo haihitaji mtu mkubwa."

Kamati ilinong'onezana kidogo. Uamuzi ulikuwa kwamba watoto wapewe chumba hadi mwisho wa muhula. Kikiwa safi, kina rafu na kinasomewa, kitabaki chao. Kikiwa bado na vumbi, Abudu ataleta magodoro yake, na hakuna atakayelia. Abudu alikubali, maana alijua watoto, na hakuamini watafika mbali.

Alikosea. Jumatatu mabenchi yalitoka, na yale yaliyokuwa na uhai baba yake Okwir akayapigia misumari. Wiki zilizofuata kuta zilipakwa chokaa, dirisha likapanuliwa, na mwalimu wa masomo ya Jumamosi akaleta vitabu vya kwanza ndani ya gunia la mahindi. Muhula ulipokwisha, Papa Hippolyte alipita kukagua, akamkuta Kahambu mezani akiwasomea wadogo, Annick akiwa mbele kabisa. Alifunga mlango taratibu bila kuwakatiza, na ghala la magodoro likatafutwa kwingine.

Jioni hiyo Mama alipika bugali, ule ugali wa kwao, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kabla hajapakua alipiga magoti, akalivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda, akazifungua zile taulo. Binti zake walitazama bila kupumua wakati anazisuuza sahani za maua ya buluu na kuzipanga mkekani.

"Mnisikilize," alisema. "Kwa ofisi, wakiuliza, mutasema kweli, tunangojea. Njo vile iko. Lakini mi niliwafundisha kungojea mpaka ndani ya roho, na hiyo ilikuwa kosa yangu. Mutu anaweza kungojea safari na akajenga pale amesimama. Na mugeni akija, mumuangalie vizuri, si vibaya. Lakini mumuulize kwanza, kabla ya kumudanganya. Kahambu, ndoto ya mwenzako usiiharibu tena kwa sababu weye unaogopa yako."

"Sitarudia, Mama," Kahambu akasema. Akageuka akamwomba Annick msamaha tena, ingawa alikwisha kumwomba mara nyingi, na Annick akamwambia kwamba kama ni hivyo ampe sombe yake.

Wakala. Chakula kilikuwa kile kile cha siku zote, lakini Annick alikula polepole, akisogeza sombe pembeni ili maua yaonekane. Halafu akasita, mkono njiani.

"Mama, na wakituita kesho kwenda Kanada?"

"Tutaziosha," Mama akasema, "tutazifunga tena kwa taulo. Kula, mwanangu, bugali inapoa."